Kupoza kompyuta yenye kasha dogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye moja kati ya mashine tatu. Ya kwanza ni kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye kasha jembamba, kama OptiPlex, EliteDesk, ProDesk au ThinkCentre zilizojaa madukani Kariakoo na katikati ya jiji la Nairobi. Ya pili ni ile ndogo zaidi yenye ukubwa wa kitabu kinene, lita moja na ushee. Ya tatu ni kasha la kujiundia lenye ubao mama wa mini-ITX, wa milimita 170 kwa 170. Tumechukulia kuwa chumba hakina kiyoyozi na joto lake mchana ni nyuzi 30 hadi 33 kama Dar es Salaam, Mombasa au Unguja wakati wa kaskazi, kwa sababu hapo ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni hukwama.

Joto gani ni la kawaida kwa prosesa?

Prosesa nyingi za Intel za kompyuta za mezani zina kikomo cha nyuzi 100. Zikifika hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Ryzen za AMD za mfululizo wa 7000 zimetengenezwa kuvumilia nyuzi 95 zikiwa kazini, kwa hiyo ukiiona namba hiyo kwenye mashine hizo usishtuke. Kwa prosesa ya kawaida ya ofisi ya wati 65, nyuzi 65 hadi 85 chini ya kazi nzito hazina shida. Ikipita 90 na kubaki huko, ishughulikie.

Usilinganishe namba yako na ya mtu aliye Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20. Kipozeo, yaani chuma chenye mapezi na feni kinachokaa juu ya prosesa, hakishushi joto chini ya joto la chumba. Kinachofanya ni kupunguza tofauti kati ya prosesa na hewa inayoizunguka. Kama chumba kina 32 na prosesa inasoma 84, tofauti ni 52. Mashine hiyohiyo ikipelekwa kwenye chumba cha nyuzi 20 itasoma karibu 72, na mwenyewe ataisifia. Kwa hiyo kila unapopima, andika namba mbili, ya prosesa na ya chumba. Kipimajoto cha ukutani cha bei rahisi kinatosha.

Nipimeje?

Kwenye Windows tumia HWiNFO au Core Temp, na kwenye Linux amri ya `sensors`. Ibebeshe mashine kazi nzito kwa dakika 20 hadi 30 mfululizo. Programu ya majaribio ya Cinebench ikijirudia inafaa, na kwenye Linux kuna `stress-ng`. Joto la mashine iliyotulia halikuambii chochote cha maana. Jaribio la dakika mbili nalo linadanganya, kwa kuwa chuma cha kasha na cha kipozeo huchukua muda kupata moto.

Nitajuaje kama kasoro ni kipozeo au ni hewa ya ndani ya kasha?

Angalia namna joto linavyopanda. Hapa ndipo watu wengi wangeokoa pesa zao kama wangetulia kidogo kabla ya kwenda dukani.

Likiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache tangu kazi ianze, joto halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye kipozeo. Pesti, ile krimu ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipozeo, imekauka, kipozeo kimekaa upande, kipini kimoja hakijashika, au karatasi laini ya plastiki iliyokuja chini ya kipozeo kipya haikubanduliwa. Feni hata kumi hazitakusaidia.

Likipanda taratibu, 70, 75, 80, na bado linapanda baada ya dakika kumi, kipozeo kinafanya kazi yake ila kinavuta hewa ambayo tayari ina moto. Hapo tatizo ni mzunguko wa hewa. Thibitisha kwa kufungua ubavu wa kasha huku kazi ikiendelea, kisha subiri dakika kumi. Likishuka nyuzi 8 au zaidi, kasha linakosa hewa. Likishuka 2 au 3 tu, liache kasha, rudi kwenye kipozeo. Jaribio hili linafaa kwa makasha ya mini-ITX. Kwa kompyuta za ofisi zenye kifuniko cha plastiki cha kuelekeza hewa, kufungua kasha kunaweza kupandisha joto, na sababu yake iko kwenye swali la kifuniko hicho hapa chini.

Nianze na nini kabla ya kununua feni?

Anza na usafi, pesti (ina swali lake hapa chini), kisha mahali mashine inapokaa, kwa mpangilio huo.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa cha ndani. Itoe nje. Usisafishe kwa kuchungulia juu tu. Kwenye mashine za ofisi vumbi hujishona kati ya feni na mapezi ya kipozeo, likawa blanketi la kijivu ambalo halionekani mpaka ufungue skrubu za feni na kuinyanyua. Ukishaitoa, washa tochi upande mmoja wa mapezi na utazame upande wa pili. Mwanga usipopita, hewa nayo haipiti. Toa blanketi hilo kwa vidole au kibano kwanza, halafu ndipo upulize. Ukianza kupuliza unalisukuma ndani zaidi.

Tumia brashi laini ya kupakia rangi, ya inchi moja, pamoja na blowa ndogo ya umeme. Unapopuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Feni ikizungushwa na upepo kwa kasi kuliko iliyoumbiwa huharibu beringi zake na huzalisha umeme unaorudi kwenye ubao mama.

Kisha mahali pa kuiweka. Mashine iwe juu ya meza au kibao, si sakafuni ambako ufagio hurusha vumbi, wala si ndani ya kabati la meza lenye mlango. Acha sentimita 10 nyuma na upande wenye matundu. Kabati lililofungwa hufuta kazi yote uliyofanya ndani ya kasha, kwa sababu hewa inayotoka ndiyo inayorudi kuingia.

Naweza kuipeleka kwa fundi pancha nikapulize kwa kompresa yake?

Hatushauri. Tangi la kompresa hukusanya maji, hasa pwani kwenye unyevu mwingi, na kompresa nyingi za gereji hutema mafuta pamoja na hewa. Matone hayo hubaki chini ya soketi za memori na huanza kula shaba. Presha yake nayo inaweza kung'oa vipande vidogo. Kama hakuna njia nyingine, mwombe fundi amwage kwanza maji ya tangi, apulize hewani kwa sekunde kadhaa, upime kwa karatasi nyeupe kama inatoka kavu, na ukae umbali wa sentimita 30 au zaidi.

Pesti ya prosesa: ipi, kiasi gani, na nisafishie nini?

Pesti yoyote inayojulikana ya bomba la gramu 2 hadi 4 inatosha. Epuka ile ya bomba la plastiki lisilo na jina iliyo kama dawa ya meno, maana nyingi hukauka upesi. Tofauti kati ya pesti nzuri na nzuri sana ni nyuzi mbili au tatu. Tofauti kati ya pesti mbichi na iliyokauka kwa miaka minane inaweza kuwa nyuzi 10 au zaidi, na mashine ya mtumba mara nyingi bado ina pesti ya kiwandani.

Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya hospitali inaweza kuwa na mafuta ya mbarika ndani yake, nayo huacha utando. Kitakasa mikono kina gliserini, usikitumie. Spiriti ya zambarau ya kuwashia jiko ina rangi, na rangi hiyo hubaki. Maduka ya dawa na ya vifaa vya maabara huuza isopropili, na mafundi simu wanayo kila wakati.

Kwa prosesa za Intel za kizazi cha 4 hadi cha 10 za ukubwa wa kawaida, weka tone la punje ya choroko katikati. Kwa Ryzen, punje ya kunde. Kwa Intel za soketi LGA1700 (kizazi cha 12 hadi cha 14), ambazo ni ndefu, chora mstari mfupi kufuata urefu wake. Usipake kwa kidole. Kipozeo kitalitandaza chenyewe. Kaza skrubu kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, mpaka zifike mwisho. Kwa vipozeo vya Intel vya vipini vinne, sukuma viwili vya mshazari kwa pamoja mpaka visikike vikidata, kisha tazama nyuma ya ubao uhakikishe ncha zote nne zimetokeza sawa. Kipini kimoja kikiachia, kipozeo huinuka upande mmoja, na utaona viini viwili vya prosesa vina moto kuliko vingine.

Wenye Ryzen za soketi AM4 wawe waangalifu wakati wa kutoa kipozeo. Pesti iliyokauka hunata, na prosesa inaweza kung'oka pamoja nacho huku imefungwa kwenye soketi, pini zikapinda. Iendeshe mashine kwa dakika kumi ipate moto, izime, zungusha kipozeo kidogo kushoto na kulia, ndipo ukivute.

Kuna kipande kikubwa cha plastiki juu ya kipozeo cha mashine yangu ya ofisi. Kinaonekana kuziba hewa. Nikitoe?

Usikitoe. Kipande hicho ndicho mfumo wenyewe wa upepo. Kwenye mashine nyingi za ofisi zenye kasha jembamba kuna feni moja tu inayovuta hewa ya mbele, na plastiki hiyo huilazimisha hewa yote ipite katikati ya mapezi ya kipozeo. Ukiiondoa, hewa hufuata njia rahisi pembeni mwa kipozeo na prosesa huachwa na moto wake. Mashine nyingi za mtumba hufika dukani hazina kipande hiki kwa sababu mtu aliyeongeza memori hakukirudisha. Kabla ya kulipa, omba zifunguliwe mbili za aina moja, uzitazame pamoja. Kipande kilichopotea unaweza kukipata kwenye mashine mbovu ya modeli ileile. Ukikosa kabisa, katoni ngumu iliyokunjwa na kushikwa kwa gundi ya karatasi huleta sehemu kubwa ya faida, ilimradi isiguse mapanga ya feni wala kulegea.

Kwa sababu hiyohiyo, usifungue mfuniko wa mashine hizi ukidhani unaipa hewa.

Feni ziingize hewa au zitoe?

Zote mbili, lakini mwingilio uzidi kidogo. Kasha likivuta hewa kuliko linavyoitoa, hewa ya ziada hutokea kwenye nyufa, na vumbi huingia tu pale ulipoweka chujio. Likitoa kuliko linavyovuta, kila ufa, kila tundu la USB na nafasi ya kadi isiyo na kifuniko hugeuka mlango wa vumbi. Dodoma na kwingine kwenye vumbi jekundu utaliona hilo ndani ya wiki chache.

Hewa moto hupanda, ni kweli, lakini nguvu ya kupanda huko ni ndogo mno mbele ya feni. Usijenge mpango wako juu yake. Kilicho muhimu ni njia: hewa iingie upande mmoja, ipite juu ya vitu vyenye moto, itoke upande mwingine, isirudi. Feni mbili zilizotenganishwa kwa sentimita tatu, moja ikivuta na nyingine ikitoa, zinabadilishana hewa ileile wakati sehemu nyingine ya kasha inaiva.

Kujua feni inapuliza upande gani, tazama mishale kwenye fremu. Kama haipo, hewa hutoka upande wenye mikono inayoshika mota na karatasi ya maelezo. Ijaribu kwa kipande cha karatasi ya chooni kabla ya kufunga kasha. Feni zilizogeuzwa ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyokubali.

Niweke feni ngapi?

Hesabu moja inamaliza ubishi. Zidisha wati za vifaa vya ndani kwa 3, kisha gawa kwa mita za ujazo za hewa zinazopita kwa saa. Jibu ni nyuzi ambazo hewa ya ndani ya kasha itazidi hewa ya chumba. Kama boksi la feni limeandika CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7 kupata mita za ujazo kwa saa. Kisha kata nusu, kwa sababu namba ya boksi hupimwa feni ikiwa hewani bila kizuizi, na kasha lako dogo lina chujio, nyaya na matundu finyu.

Chukua mashine inayotumia wati 120. Feni ya milimita 120 yenye CFM 50 ni mita za ujazo 85, kwa hiyo nusu yake ni karibu 42. Hewa ya ndani itazidi ya chumba kwa nyuzi 8 au 9. Ukiweka ya pili na hewa ikawa maradufu, inabaki 4. Ya tatu inapunguza nyingine moja na nusu tu, pamoja na kelele zake. Feni moja ya milimita 80 ya CFM 30 inaacha nyuzi 14. Ndiyo maana kwa makasha mengi madogo mbili nzuri zinatosha, na feni kubwa inayozunguka polepole ni bora kuliko ndogo inayolia.

Unene wa kawaida wa feni ni milimita 25. Zipo nyembamba za milimita 15, ambazo huokoa nafasi lakini husukuma hewa kwa nguvu ndogo zaidi. Ziweke pasipo na chujio zito. Chagua yenye beringi kuliko ya bushi kama itafungwa kwa kulala, ikipuliza juu au chini, kwa sababu feni za bushi zilizolazwa huchakaa mapema.

Feni yangu mpya ina pini 4. Nitachomeka wapi?

Pini za kawaida kwa mpangilio ni hasi, volti 12, ishara ya mzunguko, na amri ya kasi. Feni ya pini 3 inaingia kwenye soketi ya pini 4, ila kasi yake hudhibitiwa kwa kupunguza volti, na kama BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama unayoifungua mashine inapowaka) haijaambiwa hivyo itazunguka kwa kasi yote.

Soketi nyingi za ubao mama hubeba ampea 1, yaani wati 12. Feni ya milimita 120 hutumia ampea 0.1 hadi 0.3, hivyo kigawanyo cha feni mbili au tatu ni salama. Hakikisha ni feni moja tu inayorudisha ishara ya mzunguko, vinginevyo kasi itasomeka ovyo.

Mashine za ofisi zina ukaidi wake. Baadhi ya OptiPlex zina soketi ya pini 5, au mpangilio wa pini usio wa kawaida, na nyingi husimama wakati wa kuwaka na kutaka ubonyeze F1 kama feni ya asili haizunguki. Usiing'oe feni ya asili. Iache palepale, na ile ya ziada iunganishe kwenye waya wa SATA wa pawa saplai kwa adapta. Ikilia sana kwa volti 12, tafuta adapta inayotoa volti 7 au 5.

Nina mini-ITX na kipozeo kifupi, kila kitu ni kipya, bado inafika 95. Kwa nini?

Mara nyingi kipozeo kinakunywa hewa yake mwenyewe. Vipozeo vifupi vinavyopuliza kuelekea chini, kwa mfano Noctua NH-L9i yenye kimo cha milimita 37, huvuta hewa kutoka juu, kuipitisha kwenye mapezi na kuitawanya pembeni juu ya ubao mama. Kama kati ya feni na ubavu wa kasha kuna nafasi ya sentimita mbili, hewa iliyotawanywa hupanda, hugonga ubavu, hurudi kwenye feni. Kila mzunguko inaongezeka moto.

Dawa ni kuiziba nafasi hiyo. Kata pete kutoka kwenye foamu nyepesi, hata ile ya kutengenezea kandambili inafaa, yenye tundu sawa na duara la mapanga. Unene wake uwe sawa na nafasi iliyopo, ukiongeza milimita moja ili ibanwe kidogo na ubavu. Iweke juu ya fremu ya feni ukitumia gundi ya pande mbili. Sasa feni inavuta hewa ya nje tu kupitia matundu ya ubavu. Kazi hii ya nusu saa inaweza kushusha nyuzi 5 hadi 10, na hakuna feni ya kununua itakayokupa hivyo kwa bei hiyo. Hakikisha ubavu una matundu pale feni ilipo. Kama ni kioo au chuma kitupu, pete haitakuwa na hewa ya kuvuta na mambo yatakuwa mabaya zaidi.

Sababu ya pili ni kuibebesha kipozeo kidogo prosesa kubwa. Kipozeo cha milimita 37 kinaridhisha kwa wati 65. Core i5-12400 imeandikwa wati 65, lakini inaruhusiwa kupanda hadi 117 inapoongeza kasi. Swali la kupunguza joto bila kugusa vifaa, hapa chini, linahusu hilo.

Vipi kadi ya grafiki kwenye kasha jembamba?

Soketi ya PCIe x16 hutoa hadi wati 75, na kadi fupi zisizo na waya wa ziada, kama GTX 1650 ya kimo kifupi, zinaweza kuzitumia zote. Kumbuka pawa saplai ya mashine hizi nyingi ni ya wati 180 hadi 260 tu. Wati 75 mpya ndani ya kasha lililopangiwa 65 za prosesa ni zaidi ya maradufu ya joto, na feni ya asili haijui, kwa sababu husikiliza joto la prosesa.

Feni za kadi zinahitaji nafasi ya kuvuta. Zikibanwa milimita 5 kutoka kwenye pawa saplai, zitalia bila kupoza. Toa vifuniko vya nafasi za kadi zilizo jirani, weka wavu badala yake, na kama inawezekana ongeza feni ya milimita 80 mbele ya kadi. Kadi zenye feni ya turubini, zinazosukuma hewa yote nje kwa nyuma, zina kelele lakini kwenye kasha lisilo na feni ya kutolea ndizo zinazofaa.

Nataka kutoboa ubavu niweke feni. Nifanyeje bila kuharibu?

Toa ubavu wenyewe, au toa ubao mama na kila kitu kama unatoboa kasha. Vumbi la chuma ni hatari kuliko vumbi la barabarani: kijipande kisichoonekana kikilala kati ya pini mbili kinachoma saketi.

Pima kwanza kama feni itaingia bila kugusa kipozeo au nyaya ubavu ukifungwa. Matundu ya skrubu yana umbali wa milimita 71.5 kwa feni ya 80, 82.5 kwa feni ya 92, na 105 kwa feni ya 120. Funika bati kwa gundi ya karatasi, chora juu yake, piga alama kwa msumari kabla ya kutoboa ili keekee isiteleze. Matundu ya skrubu yawe ya milimita 4.5. Tundu kubwa likatwe kwa msumeno wa duara, milimita 76 kwa feni ya 80 na 114 kwa feni ya 120, kwa mwendo wa taratibu na tone la mafuta, bati likiwa limebanwa juu ya ubao. Laini kingo kwa tupa, kisha msasa, uzipake rangi au vanishi siku hiyohiyo. Pwani, chuma kilichoachwa wazi huota kutu mapema.

Weka wavu wa waya wa duara, si bati lenye vitundu. Vitundu vidogo vilivyopigwa kwenye bati huziba sehemu kubwa ya njia ya hewa.

Chujio la vumbi: la kununua au la kujitengenezea?

La nailoni la sumaku ni rahisi kulisafisha. La kujitengenezea, soksi ndefu za kike zilizovutwa mpaka ziwe za kupenya mwanga hufanya kazi vizuri. Zikiwa hazijavutwa zinaziba mno. Foamu nene huzuia vumbi sana lakini hupunguza hewa sana. Osha kila mwezi kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Chujio lililoziba ni baya kuliko kutokuwa nalo.

Ziba pia nafasi za kadi zilizo wazi nyuma kwa wavu. Mende, sisimizi na mijusi hupenda joto la ndani, na mjusi mmoja juu ya saketi za umeme wa prosesa anatosha kuua ubao mama.

Niiache wazi na kuielekezea feni ya nyumbani?

Kwa jaribio la saa moja, sawa. Kama desturi, hapana: feni ya nyumbani hupuliza vumbi la chumba kizima ndani, moja kwa moja.

Kuna la kufanya bila kugusa vifaa?

Lipo, na kwenye kasha dogo ndilo la kwanza tungejaribu baada ya usafi, pesti na mahali pa kuiweka. Wati ambazo hazikuzalishwa hazihitaji kutolewa.

Kwa Intel za zamani kidogo, fungua mipangilio ya umeme ya Windows, ingia kwenye mipangilio ya ndani, tafuta Maximum processor state, weka 99 badala ya 100. Hii kwa kawaida huzuia prosesa kupanda juu ya kasi yake ya msingi. Core i5-6500 itabaki 3.2 GHz badala ya 3.6, hasara ambayo kwenye Excel na kivinjari huioni. Usifanye hivyo kwa i5-12400, itashuka kutoka 4.4 hadi 2.5. Kwa prosesa hiyo ingia BIOS, tafuta PL1 na PL2, yaani vikomo vya wati vya muda mrefu na vya muda mfupi, weka PL1 kuwa 65 na PL2 kati ya 65 na 80. Kwa Ryzen za wati 65, washa Eco Mode, ambayo hushusha matumizi halisi kutoka wati 88 hadi karibu 60. Kasi inayopotea ni ndogo ukilinganisha na joto linaloondoka.

Diski je?

SSD za NVMe, vile vibao vya milimita 22 kwa 80, hupunguza kasi zikifika kati ya nyuzi 70 na 85 kutegemea aina. Kipozeo chembamba cha alumini chenye padi ya joto kinatosha, mradi kuna hewa inayopita. Iliyofungwa nyuma ya ubao mama haina hewa kabisa. Weka padi nene inayogusa bati la kasha ili bati libebe joto. Diski kuu ya kuzunguka isizidi nyuzi 50. Usiiache imelala juu ya SSD au pawa saplai.

Pawa saplai inapata moto sana. Niifungue niisafishe?

Usiifungue. Kapasita zake hushika umeme hatari hata waya ukiwa umechomolewa. Ipulize kupitia matundu tu. Umeme ukiwa mdogo, chini ya volti 200 badala ya 230, pawa saplai huvuta ampea nyingi zaidi kwa kazi ileile na kupata moto zaidi, hivyo kama taa za nyumba hufifia jioni, ipime voltija kwanza. Feni yake ikikwaruza au kusimama, badilisha pawa saplai nzima.

Na zile ndogo za lita moja?

Nyingi zina prosesa yenye herufi T, ya wati 35, na feni moja ya turubini inayopuliza kupitia mapezi yaliyo nyuma. Kasoro zake ni mbili: vumbi kwenye mapezi hayo, na pesti. Fungua, safisha, badilisha pesti, isimamishe wima badala ya kuilaza, na usiibandike nyuma ya skrini inayopata moto. Kuibadilishia prosesa ya wati 65 huku ikibaki na kipozeo cha wati 35 ni kununua kasi ambayo hutaipata. Ikishapata moto itajishusha mpaka karibu na ile uliyoitoa.

Ni wakati gani niachane na kasha dogo?

Kama vifaa vyako vinatumia zaidi ya wati 250 kwa saa nyingi mfululizo, mfano kutengeneza video au picha za 3D, na chumba kina nyuzi 32, kasha la lita 10 litakuwa na kelele hata ufanye yote haya. Kasha la lita 18 hadi 20, kama Cooler Master NR200, linaingia kwenye mkoba mkubwa na bado linapokea feni za 120 na kipozeo kirefu cha mnara. Kwa kompyuta ya ofisi ya mtumba, kabla ya kuihamishia kasha jingine angalia plagi ya umeme ya ubao mama wake. Nyingi si ya kawaida ya pini 24, na itabidi ununue adapta au ubaki na pawa saplai yake.